Mai haya hayapwi? Kujaribu usukani wa boti ndani ya injini ya gemu

Ami yangu ni nahodha wa boti ya abiria baina ya Mokowe na Lamu. Siku niliyomwonyesha bahari yangu alikaa dakani, akaiinamia kompyuta, akaitazama boti ndogo ikikata mawimbi kuelekea gatini, kisha akauliza swali moja tu: "Mai haya hayapwi?"

Nilikuwa nimemaliza siku kadhaa nikihangaika na vivuli vya mikoko juu ya maji. Kupwa na kujaa sikukukumbuka kabisa. Mtu aliyezaliwa kisiwani, ambaye tangu utotoni hupanga safari kwa kuyatazama maji, alikuwa ametengeneza bahari iliyotulia kimo kimoja kama birika la msikitini.

Chombo nilichotumia ni injini ya gemu. Kwetu Lamu injini ni ile inayoning'inia tezi, nyuma ya boti, basi nieleze mapema. Injini ya gemu ni programu ambayo watengenezaji wa gemu huitumia kama karakana. Ndani yake mna mwanga, vivuli, kamera, sauti, uzito wa vitu, na kanuni za kinachotokea kitu kikigonga kitu. Anayetaka kutengeneza gemu ya mpira haanzi kwa kubuni mvutano wa ardhi, anaukuta umeshawekwa. Injini ya Unreal ilianza pamoja na gemu ya jina hilo mwaka 1998. Unity ilitoka Denmark mwaka 2005. Godot, iliyozaliwa Argentina, ilifunguliwa msimbo wake kwa kila mtu mwaka 2014, na hiyo ndiyo ninayoitumia, kwa kuwa haidai ada na haiionei kompyuta kuukuu.

Nilichotaka kukijaribu humo kina jina refu: mfumo saiba-fizikia. Helen Gill wa National Science Foundation, shirika la Marekani la kugharamia sayansi, ndiye anayehesabiwa kulianzisha neno hilo, karibu mwaka 2006. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Kuna kifaa kinachohisi, kompyuta inayoamua, na mkono wa chuma unaotenda. Kisha dunia inajibu, na jibu lile linahisiwa tena. Gari linalojifunga breki ni hivyo. Droni ni hivyo. Mashine ya hospitali inayomsukumia mgonjwa dawa mshipani kidogo kidogo ni hivyo. Tofauti yake na programu za kawaida ni kwamba wakati ni sehemu ya jibu. Ujumbe wa kutuma pesa ukichelewa sekunde tano, unangoja. Usukani ukichelewa sekunde tano kwenye mlango wa bahari, umeshapanda fungu la mchanga.

Kifaa changu ni kidogo: kibao cha saketi chenye GPS na dira, na mota inayosukuma kana, yaani mkono wa usukani. Kazi yake ni kuishika boti kwenye mwelekeo wakati mvuvi mikono yake yote miwili imo kwenye wavu. Kukijaribu baharini moja kwa moja kungegharimu petroli, pengine mbavu za boti ya mtu, na siku ya kusi kali pengine mtu mwenyewe. Kwa hiyo nikaitengeneza bahari kwanza.

Sasa, injini ya gemu imetengenezwa ili kudanganya jicho. Siilaumu, ndiyo kazi iliyoajiriwa kuifanya. Mchezaji akiamini kwamba anaona maji, kazi imekwisha. Lakini kifaa cha usukani hakina jicho la kuridhishwa. Kinapokea namba, kinatoa namba. Basi ufundi wote wa kutumia injini hizi kwa mashine za kweli ni kujua uongo upi uuache ulipo na upi uung'oe, na mimi niling'oa kwa mpangilio mbaya.

Wa kwanza kung'olewa ungepaswa kuwa wa saa.

Ndani ya injini ya gemu wakati hautiririki, unaruka. Godot, usipoigusa, hupiga hesabu za fizikia mara 60 kwa sekunde. Unity hupiga mara 50, yaani kila baada ya sekunde 0.02. Katika kila mruko injini inauliza: boti iko wapi, ina kasi gani, nguvu zipi zinaisukuma? Inajumlisha, inaisogeza kidogo, inangoja mruko ujao. Kando ya hesabu hizo kuna kazi nyingine, ya kuchora picha, na hiyo haina mwendo maalumu. Picha nyepesi huchorwa upesi, nzito huchelewa.

Picha ikichelewa sana, miruko ya fizikia inalimbikizana ikingoja zamu. Injini ikitaka kuilipa yote kwa mpigo, malipo yenyewe yanakula muda, deni linakua, na mwisho programu inakwama. Ndiyo sababu pakawekwa kikomo: Godot hulipa miruko 8 tu kwa kila picha, iliyobaki inasamehewa. Miruko 8 ni sekunde 0.133. Picha moja ikichukua sekunde 0.2, dunia ya ndani imesonga sekunde 0.133, na theluthi ya wakati imepotea hewani. Mchezaji ataona gemu imekuwa nzito, atasonya, ataendelea.

Programu yangu ya usukani ilikuwa inakimbia nje ya injini, ikifuata saa ya kweli ya kompyuta. Siku nilipowasha vivuli vya mikoko, boti ilianza kuyumba kushoto na kulia kama mlevi kichochoroni. Nikadhani kanuni ya usukani ina kasoro. Nikaikarabati usiku kucha, nikaizidisha ubovu.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi, alichapisha uchambuzi wa jinsi chombo kinavyoweza kujishika chenyewe kwenye mwelekeo, na alijifunza kwa kuwatazama washika usukani wa meli. Aliona kwamba mshika usukani hodari hatazami tu omo, yaani pua ya chombo, imepotoka kiasi gani sasa hivi. Anatazama pia inapotoka upesi kiasi gani, na anaweka akilini imekuwa ikipotokea upande ule ule kwa muda gani. Ami hufanya hivyo bila kuhesabu: mkondo ukimsukumia upande wa kisiwa cha Manda kwa muda, huizuia kana juu kidogo hata kama omo kwa wakati huo iko sawa. Kumbukumbu yake imeshajaa.

Mambo mawili kati ya hayo matatu yanapimwa kwa sekunde. Upesi wa kupotoka ni badiliko ukiligawanya kwa sekunde zilizopita. Kumbukumbu ni upotofu ukiuzidisha kwa sekunde zilizopita. Sekunde za programu zikiwa nyingi kuliko sekunde za bahari, kumbukumbu inavimba na upesi unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Usukani unachelewa kujizuia, na ukiitika unapitiliza. Ulevi wa boti yangu ulitoka hapo, kwenye vivuli vya miti.

Dawa ni kuzifunga saa hizo mbili kwa kamba moja. Injini inaruka mruko mmoja, inakipa kidhibiti, yaani programu ya usukani, namba zake, inasimama kungoja jibu, ndipo inaruka tena. PX4, programu mashuhuri ya kuongozea droni, ina utaratibu huo wa kwenda sambamba na uigaji, yaani dunia ya kubuni ndani ya kompyuta. Picha ikichelewa, wote wanachelewa pamoja na hapana anayedhulumiwa. Faida ya pili ni tamu zaidi: wakati ukishakuwa mali yako unaweza kuukimbiza. Zima picha kabisa, na usiku mzima wa bahari unaisha kabla chai haijapoa.

Anayedhani hesabu za vipande vya sekunde ni mchezo na atazame yaliyotokea Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991. Mtambo wa Patriot, wa kutungulia makombora, ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika namba za kompyuta; kila mara hukatwa kipande. Mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo, vipande vikafika sekunde 0.34. Kwa muda huo kombora la Scud huwa limekwenda zaidi ya mita 500. Mtambo ulilitafuta mahali lisipokuwapo, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa kambini mwao.

Namba hizo hizo zina kasoro nyingine, ya mahali. Injini nyingi huhifadhi mahali pa kitu kwa namba za biti 32, ambazo usahihi wake unapungua kadiri unavyokwenda mbali na kitovu cha ramani. Kilomita 10 kutoka kitovuni hatua ndogo kabisa ni kama milimita 1. Ukiweka kitovu Mombasa na boti yako ikafika Lamu, zaidi ya kilomita 200, hatua ndogo imekuwa kama sentimita 1.6, na boti iliyofungwa gatini inatetemeka kama ina homa. Unreal ya 5 imehamia namba pana zaidi. Sisi wengine tunahamisha dunia badala ya boti, kitovu kikaifuata boti popote iendapo. Kinaudhi, lakini mradi wangu ni Mokowe na Lamu tu, kwa hiyo niliweka kitovu katikati ya mlango, basi.

Maji ndiyo yaliyonitoa jasho.

Wimbi la gemu halina maji ndani yake. Ni ngozi tupu iliyotandazwa, ikipanda na kushuka. Wengi hutumia fomula iliyoandikwa na František Josef Gerstner wa Bohemia mwaka 1802: kila chembe ya juu inazunguka duara, na mizunguko ikipishana inatoa kilele kilichochongoka na bonde pana. Inapendeza sana. Ili boti ielee, unachagua nukta kadhaa chini yake, omo, tezi na mbavuni. Katika kila mruko unaiuliza kila nukta imezama kiasi gani chini ya ngozi, nayo unaisukuma juu kwa kadiri hiyo. Nukta 4 zinatosha kumfurahisha mchezaji. Kwa usukani hazitoshi, kwa sababu boti ya nukta 4 hulala na kuinuka kama meza, haina tumbo. Mimi niliweka nukta nyingi zaidi na kuzipa uzito kulingana na umbo la boti ya ami, nikiipima kwa utepe wa fundi cherehani huku watoto wananicheka.

Hata hivyo ngozi inabaki ngozi. Wimbi linaisukuma boti, boti hailisukumi wimbi. Baharini, chombo kikiingia kina kifupi maji yanayopita chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo, yanabanwa na kukimbia, na chombo kinakaa chini zaidi kidogo na kuwa kizito kwenda. Anayepita Mkanda, kule kati ya bara na kisiwa cha Manda, analijua hilo kwa miguu kabla ya macho. Injini haijui. Ukilitaka lazima uliandike wewe: kina kikipungua kuliko kiasi fulani, ongeza ukinzani, shusha mkuku. Vivyo hivyo mkondo. Duara la Gerstner linazunguka na kurudi karibu pale pale, halichukui kitu kwenda popote. Mkondo wa maji yanayojaa niliuongeza kwa mkono, kama nguvu ya pembeni inayotegemea saa.

Na saa ya maji, ambayo ami aliidai, ilikuwa rahisi kuliko nilivyostahili. Mwezi unatupa pigo moja la maji kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Jua linatupa pigo lake, dogo zaidi, kila baada ya saa 12 kamili. Yakigongana pamoja, yakiinuka pamoja na kushuka pamoja, tunapata bamvua. Dakika 25 zile zinaendelea kuyatenganisha mpaka moja linapanda wakati jingine linashuka, na hayo ni maji mafu. Kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi, ambazo ndizo siku tulizofundishwa kuzihesabu kwa mwandamo na mwezi mpevu. Majedwali ya bandari hujumlisha mapigo mengi kuliko mawili, lakini mistari miwili ya msimbo ilitosha kuifanya bahari yangu ipwe. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ghafla gati langu likawa na ngazi zenye maana.

Upande mmoja ambao injini za gemu hazina mpinzani ni macho ya mashine. Kama kifaa kinaongozwa kwa kamera, unataka mwanga wa kweli, na gemu zimetumia miongo kadhaa kuuwinda mwanga. Ndiyo maana mwaka 2017 zilitoka CARLA, ya kujaribia magari yanayojiendesha, na AirSim ya Microsoft, iliyoanza na droni, zote mbili zikiwa zimejengwa juu ya Unreal. Jua la saa kumi na moja jioni unapoelekea bara, maji yakiwa yamegeuka bati la moto, unaweza kulipata kwa kugusa namba moja, na kulirudia mara elfu likiwa lile lile. Baharini ungelipata mara moja kwa siku, siku zisizo na mawingu.

Vihisi vingine vina kasoro ya kinyume: vinasema kweli mno. Ukiuliza injini boti iko wapi, inakujibu mpaka milimita, papo hapo. GPS ya bei nafuu hukosea kwa mita kadhaa na mara nyingi hutoa jibu moja kwa sekunde. Dira iliyowekwa karibu na mashini ya boti inavutwa na chuma. Mota ya kana haitii mara moja, inavuta pumzi kwanza. Usipoyaharibu majibu ya injini kwa makusudi, kifaa chako kitajifunza bahari ya malaika. Niliandika sehemu nzima ambayo kazi yake ni uharibifu tu: kuchelewesha, kutikisa, kupotosha, na mara moja moja kunyamaza kabisa.

OpenAI, kampuni ya akili bandia, walilifikisha jambo hili mbali mwaka 2018, walipoufundisha mkono wa roboti kugeuzageuza kete ndani ya uigaji kisha wakautoa nje. Kila mara walibadilisha uzito wa kete, utelezi wake, rangi, mwanga, ili mkono usizoee uongo mmoja. Na kuna kitu kingine walichofanya ambacho ningetamani ningekisikia mapema: fizikia ilihesabiwa na MuJoCo, programu iliyotengenezwa kwa hesabu za viungo na migusano, na Unity ilipewa kazi ya kuchora picha tu. Kila mmoja alifanya anachokiweza.

Uigaji wenyewe nao una ngazi. Ya kwanza, kanuni ya usukani inaandikwa humo humo ndani ya injini. Hapo unapima wazo. Ya pili, programu ile ile itakayokwenda baharini inakimbia kwenye kompyuta na kuzungumza na bahari ya uongo kwa ujumbe. Ya tatu, unachukua kibao chenyewe, pamoja na nyaya na mota yake, unakiunganisha mezani, kompyuta inakipa GPS ya kubuni na mota inazungusha kana isiyokuwapo. Ngazi hii ya tatu haikuruhusu kukimbiza wakati, kwa sababu kibao kina saa yake ya kweli, lakini ndiyo iliyonifichulia waya uliokuwa unaregea kila mota inapogeuza upande. Hakuna wimbi zuri kiasi gani lingenionyesha waya huo.

Nimeulizwa kama inafaa kuiga hivi kila kitu. Rafiki yangu alitaka kuingiza kwenye injini visima vya Shela, ambavyo maji ya mji wa Lamu yanatoka kwenye mchanga wake: pampu, matangi, kifaa cha kupima chumvi. Nikamwambia asisumbuke. Maji matamu pale yanaelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mchanga. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake, na ukiivuta ile ya juu kupita kiasi chumvi inapanda. Hili linakwenda polepole mno, kwa majuma na miezi, chini ya ardhi, pasipo mgongano, pasipo kamera, pasipo mwanga. Jedwali na kalamu vinalitosha. Angeishia kuwa na matuta ya mchanga mazuri kupindukia na jibu lile lile.

Boti ni tofauti, maana inagongana, inaonekana, na inataka uamuzi kabla hujapepesa. Lakini hata kwa boti nilipaswa kuupima uongo wangu na ukweli. Tulitoka na ami siku ya maji mafu, upepo umelala, akazungusha boti duara kamili kana ikiwa imebanwa pembe moja, simu yangu ikiandika njia. Usiku nikafanya vile vile kwenye kompyuta. Duara la kompyuta lilikuwa dogo waziwazi. Boti yangu ilikuwa inageuka kama bajaji. Niliongeza ukinzani wa ubavuni mpaka duara mbili zikakaribiana, kisha nikarudia kwa pembe nyingine ambayo sikuirekebishia chochote, nione kama zitakaribiana zenyewe. Zilikaribiana kiasi, hazikulingana.

Juzi nilimrudishia ami kompyuta pale pale dakani. Safari hii nikaweka bamvua, maji yanapwa, na nikampa kishikio cha gemu akishike badala ya kana. Alicheka kidogo, kisha uso ukawa wa kazini. Akaivusha boti mpaka karibu na ukingo, na ghafla ikasimama, imepanda mchanga. Nikangoja asifu: bahari imepwa na fungu limeibuka kama alivyotaka.

Akasema fungu hilo halipo hapo tena, lilihama. Sakafu ya bahari nilikuwa nimeichora kutoka ramani ya zamani. Nikamuuliza sasa liko wapi. Akanionyesha kwa kidole kwenye kioo, akasita, akasogeza kidole, akasema tusibahatishe, nitafute kamba na risasi tufunge bildi ya kupimia kina, na Ijumaa baada ya sala maji yatakuwa chini.